Mkazi Aamue, Asiishie Kutoa Taarifa

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa mitaa, maafisa wa polisi, wanakamati wa usalama, na ninyi wakazi mlioacha shughuli zenu kuja hapa, habari za jioni.

Nianze na kikao ambacho sote tunakijua. Afisa anasimama mbele, anasoma takwimu za uhalifu, anawataka wananchi wawe macho, anataja namba ya simu ya kituo. Watu watatu wanauliza maswali, na wawili kati yao ni walewale wa siku zote. Picha inapigwa, watu wanatawanyika. Kwenye ripoti panaandikwa kwamba jamii imeshirikishwa.

Jamii hiyo imetangaziwa tu. Anayetaka kuujua ukweli aulize swali moja: tangu kikao kilichopita, ni jambo gani polisi wanalifanya kwa namna nyingine kwa sababu mkazi alisema? Pengine doria ya saa 8 usiku imehamishiwa saa 1 jioni. Pengine njia ya doria imebadilika. Pengine mapokezi ya kituo yana askari wa kike kila zamu. Kama jibu halipatikani hata moja, kikao kile kilikuwa mkutano wa matangazo, na watu wakishalijua hilo hawarudi.

Wazo lenyewe, la polisi kufanya kazi bega kwa bega na wakazi, yaani polisi jamii, ni la zamani. Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, alipoanzisha jeshi la polisi la London mwaka 1829, kanuni zilizokuja kuhusishwa na jina lake zilisema kwamba polisi ni wananchi na wananchi ni polisi. Kulisema ni rahisi. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliojaribu polisi jamii katika nchi sita: Brazil, Colombia, Liberia, Pakistan, Ufilipino na Uganda. Vikao vilifanyika, doria za miguu zilifanyika, njia za kupokea kero ziliwekwa. Kwa jumla, uhalifu haukupungua na imani ya wananchi kwa polisi haikuongezeka. Watafiti walitaja vikwazo vitatu: wakuu wa polisi hawakuiweka kazi hiyo mbele kwa muda wa kutosha, maafisa walihamishwa mara kwa mara, na vituo havikuwa na uwezo wa kushughulikia kero zilizoletwa.

Naomba mvishike vikwazo hivyo vitatu, maana karibu kila nitakalolisema linarudi hapo. Mtu akikuletea kero na usiifanyie kazi, umemfundisha kwamba kusema hakusaidii. Ndiyo maana namshauri mkuu wa kituo asiitishe kikao cha kwanza kabla hajawa na mambo matatu mkononi: barua ya mkuu wake inayoruhusu ratiba ya doria ibadilishwe kutokana na maoni ya wakazi, afisa mmoja aliyepangiwa eneo hilo kwa miezi isiyopungua 18, na mtu mwenye jina anayewajibika kurudisha majibu. Bila hayo, bora asubiri.

Sasa eneo. Mipaka ya kituo cha polisi kwa kawaida ni mikubwa mno, na watu wa upande mmoja hawajui shida za upande wa pili. Chukueni eneo ambalo wakazi wenyewe wanalitaja kwa jina moja na mtu anaweza kulizunguka kwa miguu ndani ya saa moja. Kwenye makazi ya msongamano hilo laweza kuwa na kaya 300 hadi 500. Likizidi sana, kikao kinageuka mkutano wa hadhara, na kwenye mkutano wa hadhara mwenye sauti kubwa ndiye jamii.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu swali la nani anakuja ndilo linaloharibu mipango mingi. Chicago ilianza mpango wake wa polisi jamii mwaka 1993 katika wilaya tano za polisi kabla ya kuueneza mji mzima, na kila lindo, yaani eneo dogo la doria, lilikuwa na kikao cha wakazi na polisi karibu kila mwezi. Ni mmoja wa mipango iliyofuatiliwa kwa kina zaidi duniani. Hata hivyo waliojaa kwenye viti walikuwa zaidi wenye nyumba na watu wazima waliokwisha kutulia, na jamii za watu wa asili ya Amerika ya Kilatini zilikuwa na uwakilishi mdogo. Sasa fikirini: kama wenye nyumba ndio wanaozungumza, ajenda itakuwa kelele za vijana na magari yaliyoegeshwa vibaya. Mpangaji anayerudi kazini usiku wa manane, muuza mboga anayetoka alfajiri, kijana anayesimamishwa na kupekuliwa mara tatu kwa wiki, hao hawamo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wanaokilalia kitanda hiki hawapo ukumbini.

Dawa yake ni kuwafuata. Kabla ya kikao cha pamoja, fanyeni vikao vidogo vya watu 8 hadi 12: wanawake peke yao, vijana wa kiume peke yao, wapangaji, wachuuzi na madereva mahali pao pa kazi, watu wenye ulemavu. Kila kikao kisizidi dakika 75. Kwenye kile cha vijana, afisa asije na sare, na katika nusu ya kwanza asiwepo kabisa. Najua baadhi ya maafisa hawalipendi hilo. Lakini kijana hawezi kueleza anavyosimamishwa barabarani huku aliyemsimamisha anamwangalia.

Maswali nayo yana ufundi wake. Ukiuliza, "Kuna uhalifu gani hapa?" utaletewa yale yaliyosikika redioni. Uliza hivi: "Ni wapi hupiti baada ya giza kuingia, na unazunguka wapi badala yake?" "Mara ya mwisho ulipoogopa ilikuwa saa ngapi?" "Likikupata jambo usiku wa leo, utampigia nani kwanza?" Swali hili la mwisho linafichua mengi. Mtaa ambao watu wanamtaja jirani, fundi wa kona au kiongozi wa dini kabla ya polisi unakuonyesha imani iko wapi, na kazi inaanzia kwa hao waliotajwa.

Halafu chorwe ramani. Karatasi kubwa ya ukutani inatosha. Wakazi wabandike alama nyekundu mahali tukio lilipotokea kweli na alama ya buluu mahali wanapoogopa ingawa hawajadhurika. Msizichanganye. Zikikaa pamoja, hapo pana shida ya kweli. Alama ya buluu ikikaa peke yake, tatizo mara nyingi ni giza, pori, au jengo lililoachwa, na suluhisho lake halihitaji askari. Nyekundu peke yake ina hatari ya namna yake: watu wanadhurika mahali wanapojiona salama.

Baada ya ramani, tembeeni. Utaratibu wa wanawake kukagua usalama wa mtaa kwa miguu ulianzia Toronto mwaka 1989 na tangu hapo umetumika katika miji mingi. Kundi liwe la watu 6 hadi 10, wengi wao wawe wanawake, na ndani yake awemo mzee na mtu mwenye ulemavu kama inawezekana. Njia isizidi kilomita moja na nusu. Mpite mara mbili, mchana na usiku, njia ileile. Kila mahali mkisimama, jibuni: je, naweza kumtambua uso mtu aliye hatua 15 mbele yangu? Nikikimbia, nakimbilia wapi? Nikipiga kelele, nani atasikia? Kuna maandishi yanayonionyesha nilipo? Mmoja aandike, mmoja apige picha za mahali, zisiwe za watu. Kosa la kawaida ni kutembea na kundi la watu 40 na viongozi wenye magari. Mtaa unabadilika ukiona msafara, na mtakachokagua ni mtaa uliojiandaa.

Takwimu za polisi ziletwe, lakini kwa kiasi. Uchunguzi wa mji wa Minneapolis, Marekani, uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kwamba karibu asilimia 3 ya anwani ndizo zilizotoa nusu ya simu zote zilizopigwa polisi. Kwa hiyo uhalifu hausambai mtaa mzima kama mvua, unarudi palepale. Takwimu zitakwambia ni wapi. Kwa nini ni pale na si hatua 50 mbele, hilo mkazi ndiye anayelijua: ukuta una tundu, basi la mwisho linashusha abiria pale, taa inazimwa na mwenye duka anapofunga. Pia mkazi anajua matukio yasiyofika kwenye kitabu cha matukio cha kituo, na hayo katika mitaa mingi ndiyo mengi.

Mkishakusanya hayo, andikeni tatizo. Sehemu hii inaonekana ndogo, kumbe hapa ndipo kazi inapofia. "Wizi umezidi" halijawa tatizo la kufanyiwa kazi, hayo ni malalamiko. Tatizo linaandikwa hivi: "Siku za kazi, kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, watu wanaoshuka basi wanaporwa simu kwenye kichochoro nyuma ya ukuta wa shule, na waporaji wanatokomea kwa pikipiki." Sentensi hiyo ina mahali, saa, anayedhurika, namna ya kutenda na njia ya kutorokea. Ukiitazama tu unaona pa kuanzia: kituo cha basi kisogezwe, tundu la ukuta lizibwe, pikipiki zizuiwe kwa nguzo, taa iwekwe, doria isimame pale kwa saa hizo mbili.

Njia hii ya hatua nne, yaani kubaini, kuchambua, kuchukua hatua na kupima, ilijaribiwa na polisi wa Newport News huko Virginia, Marekani, katika miaka ya 1980, ikafuata fikra alizozitoa profesa wa sheria Herman Goldstein mwaka 1979. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu. Shida imetajwa, mtu anasema, "Tuongezewe doria," wote wanapiga makofi. Sasa sikilizeni jambo la mji wa Kansas City, hukohuko Marekani. Kati ya mwaka 1972 na 1973 polisi wa huko waligawa malindo 15 katika mafungu matatu. Fungu moja liliondolewa doria ya kuzunguka, magari yakawa yanaingia kwa wito tu. La pili liliachwa kama lilivyokuwa. La tatu liliongezewa doria mara mbili hadi tatu. Tofauti ya maana katika uhalifu haikuonekana, na wakazi wenyewe kwa jumla hawakutambua kwamba kuna kilichobadilika. Gari linalozunguka ovyo halizuii mengi. Askari anayekaa mahali panapojulikana, saa inayojulikana, kwa sababu inayojulikana, huyo ndiye wa kumwomba.

Na mengi mtakayoyaandika hayatakuwa ya polisi. Chicago walilijua hilo mapema, wakaunganisha vikao na idara nyingine za mji ili kero ya taa, ya jengo bovu au ya gari lililotelekezwa ishughulikiwe kwa haraka. Mkialika polisi peke yao, mtapata majibu ya kipolisi kwa shida za taa. Mwalikeni anayehusika na umeme wa barabarani, taka, ardhi na elimu. Asipokuja mara mbili, mwandikieni mkuu wake.

Nifike kwenye daftari. Kama kuna chombo kimoja nitakachowasihi mtoke nacho hapa, ni daftari la kero lenye safu sita: kero yenyewe, tarehe, anayeishughulikia kwa jina na cheo, siku ya mwisho, hali ilivyo, na sababu kama haikufanyika. Nakala moja ibaki kwa kamati, moja kituoni. Kikao kianze kwa kulisoma, kabla ya hotuba yoyote. Jibu la kwanza lirudi ndani ya siku 14, na "hapana" nalo ni jibu, mradi lina sababu: hatuna askari wa zamu hiyo, sheria haituruhusu, jambo hili liko mahakamani. Watu huvumilia "hapana" yenye sababu kuliko "tunalifanyia kazi" ya mwaka mzima. Msibebe kero zaidi ya tatu kwa wakati mmoja. Kamati zinazoandika kero 27 kwenye kikao cha kwanza humaliza mwaka bila kufunga hata moja.

Kamati yenyewe iwe na watu 9 hadi 15, hesabu isiyogawanyika kwa mbili, ili kura zikigawanyika uamuzi upatikane. Wachaguliwe kwa kura ya siri. Mwenyekiti asiwe polisi wala kiongozi wa chama cha siasa. Kipindi kiwe miaka miwili, kisizidi mara mbili. Mjumbe mwenye maslahi katika jambo linalozungumzwa atoke nje, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Sheria ya polisi ya Afrika Kusini ya mwaka 1995 inataka majukwaa ya polisi na jamii yawepo kwenye vituo, na ni jambo jema kuwa na nguvu ya sheria. Lakini sheria inaweza kuweka kiti, haiwezi kuzuia kiti hicho kikaliwe na tajiri wa mtaa, mdai madeni, au mtu anayetafuta njia ya kumkomoa jirani.

Fedha ndiyo mlango wao. Mfanyabiashara akitoa mafuta ya gari la doria, doria itajikuta inalala mbele ya ghala lake. Michango ipokelewe na kamati, itolewe risiti, isomwe hadharani kila miezi mitatu, na isiambatane na sharti lolote la mahali pa kulinda. Posho nayo ina ugonjwa wake: ukilipa vikao, utapata wapenda vikao. Rudisheni nauli, basi.

Sasa ulinzi wa wakazi wenyewe. Mahali unaporuhusiwa na sheria, una nafasi yake, lakini ni hapa pia damu isiyo na hatia humwagika. Masharti yawe machache na yasiyojadiliwa. Kundi lisipungue watu wanne. Majina ya zamu yaandikwe kituoni kabla ya kutoka na kufungwa baada ya kurudi. Vifaa ni tochi, filimbi, simu na fulana inayong'aa. Silaha hapana, fimbo hapana. Hawapekui mtu, hawaingii nyumba, hawatozi faini, hawamweki mtu chumbani kumhoji. Sheria za nchi nyingi zinamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini ni lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Saa ya kumkamata na saa ya kumkabidhi ziandikwe zote mbili, kwa sababu kati ya saa hizo ndipo watu hupigwa. Kundi likivunja sharti moja, zamu isimamishwe siku hiyohiyo, kabla ya uchunguzi.

Na fundisheni kueleza matendo, msieleze watu. "Kuna mgeni mwenye nywele ndefu" haisaidii kitu, ni kumtia mtu hatarini kwa kuwa mgeni. "Mtu anajaribu vitasa vya milango mitatu mfululizo" ni taarifa. Sharti hilohilo lihusu makundi ya simu: hakuna picha ya mshukiwa, hakuna jina, hakuna ujumbe wa sauti uliotoka kundi lingine. Msimamizi afute kwanza, aulize baadaye.

Majina yasitajwe kikaoni. Mkutano wa wazi ni wa mahali, saa na mwenendo. Anayejua jina alipeleke faraghani, kwa njia ambayo jirani hataiona, kwani mtu akishaitwa kibaraka wa polisi hana tena pa kuishi. Ukatili wa nyumbani na wa watoto usijadiliwe hapo, na kamati isiusuluhishe. Huo unakwenda kwa maafisa na wahudumu waliofunzwa, siku hiyohiyo. Kamati nyingi zenye nia njema zimemrudisha mke kwa mumewe na soda mezani, wakaita ni amani.

Kuna jambo ambalo maafisa wetu hapa hawatalifurahia, nalo ni malalamiko dhidi ya polisi. Yakikosa nafasi kwenye ajenda, wakazi wataiona kamati nzima kuwa mali ya kituo. Mji wa Cincinnati, Marekani, baada ya machafuko ya mwaka 2001, ilifikia makubaliano mwaka 2002 kati ya mji, chama cha askari na wawakilishi wa wakazi, chini ya uangalizi wa mahakama. Makubaliano hayo yaliweka utatuzi wa matatizo kuwa mkakati mkuu wa polisi, na yakaanzisha chombo cha kiraia cha kuchunguza malalamiko. Mambo hayo mawili yaliwekwa pamoja kwa makusudi. Huwezi kumwambia mtu akusaidie kulinda mtaa huku hana pa kupeleka kofi alilopigwa. Kwa kamati ya kawaida, inatosha kwamba malalamiko yapokelewe kwa maandishi, yapelekwe nje ya kituo kinacholalamikiwa, na afisa anayetajwa asishughulikie faili lake.

Kupima, nitasema kwa ufupi. Msihesabu waliokamatwa. Kabla ya kuanza, pitieni kila nyumba ya kumi muulize maswali matano yaleyale mtakayouliza tena baada ya miezi sita: unajua jina la afisa wa eneo lako, unatembea peke yako baada ya saa 2 usiku, ulidhurika ndani ya miezi sita iliyopita, uliripoti, ulipata jibu. Anayeuliza asiwe polisi wala mjumbe. Na muwaandae wakubwa mapema: kazi ikienda vizuri, matukio yanayoripotiwa yanaweza kuongezeka, kwa kuwa watu waliokuwa wakinyamaza wameanza kusema. Ndiyo maana swali la "ulidhurika" na la "uliripoti" yanakaa mbalimbali. Mkuu asiyelijua hili ataona hesabu zimepanda, atafunga mpango ukiwa na miezi saba tu.

La mwisho ni uhamisho. Afisa atahamishwa, hata mkiandika barua kumi. Ombeni wiki mbili ambazo anayeondoka na anayeingia watembee pamoja, na faili la makabidhiano lenye daftari la kero, ramani, karatasi za ukaguzi wa miguu, orodha ya vikundi na nafasi za watu wake, na ahadi ambazo hazijatimizwa. Hizo ahadi ziandikwe ukurasa wa kwanza. Mgeni azisome mbele ya wakazi kwenye kikao chake cha kwanza na aseme ipi anaibeba na ipi haiwezi.

Nimeongea vya kutosha. Maswali sasa, na naomba tuanze na walioketi safu ya nyuma karibu na mlango. Hawa wa mbele tutawafikia.